Wimbo wa Shangazi Kanisani

Juzi nilikuwa kwa fundi wa nguo pale Kaloleni. Alikuwa akipiga pasi ya makaa, harufu ya kitambaa cha moto imejaa kibanda, mara redioni kijana mmoja akaanza kuimba wimbo ninaoujua, kwa ngoma za kisasa. Nikajikuta mtoto tena, kijijini kwetu Mbololo, kanisani, kwenye benchi la akina mama, kando ya nyanya.

Ulikuwa wimbo wa santuri, wa Mmarekani mweusi anayembembeleza mpenzi wake asiende. Shangazi, aliyeongoza kwaya, alikuwa ameutilia maneno ya Kidawida, lugha yetu, akimwomba Mungu asimwache. Kwaya ilikuwa haijamaliza hata ubeti wa kwanza mzee wa kanisa aliposimama.

"Nyamazeni! Huo ni wimbo wa baa. Nani ameuleta hapa?"

Shangazi akasogea mbele.

"Ni mimi, mzee."

"Basi vua hilo joho, utoke."

Shangazi alianza kufungua kifungo cha shingoni. Hapo nyanya akainuka, polepole, kwa sababu ya magoti yake.

"Samahani, mzee. Tangu nimzike mume wangu, baba yake huyu, nimeshindwa kuomba. Hayo maneno ndiyo nilikuwa nikiyatafuta. Mwache amalize."

Mzee akaketi. Shangazi akaanza upya. Nilimshika nyanya mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho.