Nyuki wa Nyanya kule Marungu

Mwezi uliopita daktari mmoja hapa Voi alinipima moyo, akaniambia ni mzima kabisa. Kinachonisumbua ni wasiwasi. Mshauri wa chumba cha pili akanifundisha kutulia na kuiacha hofu ipite bila kushindana nayo. Nikacheka, mama wa watu akadhani namdharau. Rafiki yangu, somo hilo nililipata nikiwa na miaka tisa, na mara ya kwanza nilifeli vibaya.

Tuliishi Marungu kwa nyanya. Shamba lake la pojo lilizungushiwa mizinga iliyoning'inia kwenye waya, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki. Kila asubuhi nilijaza maji kwenye karai lenye mawe, nyuki wapate pa kutua na kunywa. Walitambaa mikononi mwangu wakinitekenya, na hewa ilinukia nta.

Siku moja nilimpuliza mmoja. Kila mtoto wa kwetu alijua pumzi humkasirisha nyuki, ila nilisahau kwa woga. Wenzake wakanivamia, nikakimbilia jikoni uso umevimba. Nyanya alikwangua miiba kwa ukucha, akanipa uji wa mtama. Nikajua kazi hiyo nimeachishwa.

Wapi! Kesho yake alinishika mkono hadi kwenye karai, akasimama nami.

"Kuogopa, ogopa tu," aliniambia. "Lakini usimfukuze, wala usimwite. Mwache atembee."

Nyuki akapanda hadi kwenye kiwiko. Moyo ulinienda mbio, lakini nilianza kusikia vitu vingine pia: kuku wakipekua majani, jirani akitwanga. Kisha nyuki akaruka, akaenda zake. Nililia kwa furaha, na nyanya akaniambia nimalize kujaza maji.

Sasa nyanya hayupo. Ukame uliwahamisha nyuki, na waya wa umeme umechukua nafasi ya mizinga. Nimeukosa sana mvumo ule wa asubuhi.

Juzi nilimpigia mama simu kumsimulia, nikimsifu nyanya kwa ujasiri wake. Mama akacheka sana.

"Nyanya yako? Aliwaogopa nyuki mpaka anakufa. Kwani unadhani kazi ya karai alikupa wewe kwa nini? Siku hiyo ndiyo pekee aliyowahi kuwakaribia."

Nilikata simu, nikakaa kibarazani. Wasiwasi ulikuwapo, na sikuona aibu tena kuwa nao.