Siku Nilipomwita Baba Mdogo Kijana

Naikumbuka bado asubuhi moja ya muhula wa tatu, mwanangu, miaka ya sabini ikiwa michanga, niliposhindwa kusema neno fupi ambalo hata mtoto wa chekechea analijua.

Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu wa Ekerenyo kuhitimu chuo kikuu. Siku niliyorudi, akina mama walinipokea barabarani kwa nyimbo, wakanisindikiza katikati ya mashamba ya chai hadi mlangoni. Nilijivunia, na sioni haya kusema kwamba najivunia hadi leo. Lakini ndani nilikuwa mtu wa hofu. Nikisalimiwa njiani, nilikwenda hatua mia nikijiuliza kama nimeitikia vizuri. Somo la dakika arobaini nililiandaa kwa saa nne, kisha nikaanza upya.

Nilipewa Kiingereza cha kidato cha nne katika shule moja ya upande wa Nyanchwa. Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo Momanyi, baba yangu mdogo. Usishangae. Babu alioa wake watatu, na Momanyi alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya tatu. Nilimzidi miaka mitatu, lakini kwa mila zetu sisi Abagusii yeye ni baba. Nyumbani nilimwita tata, yaani baba, na kati yetu kulikuwa na chinsoni, ile heshima yenye haya inayomzuia mtoto kumtania baba yake au kumpandishia sauti. Darasani alikuwa Momanyi tu. Tulikwisha kuzoea.

Asubuhi hiyo nilifundisha vifungu vya Kiingereza vya kukana vinavyofuatwa na kitenzi chenye "to". Niliandika ubaoni "in no hurry to leave", hana haraka ya kuondoka. Nikaandika "in no position to refuse", hayuko katika hali ya kukataa. Chini yake nikaongeza "in no danger to fall", hayumo katika hatari ya kuanguka. Momanyi akainua mkono.

"Mwalimu, hicho cha tatu nimekiona kitabuni na 'of falling'. Mbona hivyo viwili vinataka 'to' na hicho hakitaki?"

Mwanangu, sikujua. Kabla sijameza mate, nilikuwa nimekwisha kuona mwalimu mkuu akiniita, kijiji kikicheka, na zile nyimbo za barabarani zikigeuka aibu. Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Keti chini, kijana. Kati yangu na wewe, ni nani aliyefika chuo kikuu?"

Waliotoka mbali walicheka. Wa kwetu waliinamisha vichwa, maana walisikia mtoto akimwita baba yake kijana. Momanyi alikusanya madaftari yake. "Sawa, mwalimu," akasema, akatoka.

Hakuja kesho yake, wala siku iliyofuata. Mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki tatu, na habari zikanifikia kwamba anajiandaa kwenda Kericho kuchuma chai.

Ijumaa nilifika nyumbani kabla jua halijatua, kwa kuwa Sabato yetu ya Jumamosi huanza jua la Ijumaa linapotua. Nilimkuta nyanya akimalizia kusaga wimbi. Kwetu, nyanya na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana watakavyo, naye hakuinua macho kutoka kwenye jiwe.

"Karibu, mume wangu. Nasikia siku hizi baba zako ni vijana. Basi mimi niite msichana, nitafute mchumba."

"Nyanya, kule ni shuleni. Mimi ni mwalimu wake."

"Na alichokuuliza ulikuwa unakijua?"

Nikainama kuokota punje za wimbi zilizomwagika.

"Kumbe ni 'sijui' tu iliyokushinda," akasema. "Hiyo hata mimi naiweza, na sijakanyaga shule. Heshima si utumwa, mjukuu wangu. Nenda kwa baba yako."

Jumapili nilimkuta Momanyi akipogoa migomba nyuma ya nyumba ya mama yake. Nilisimama mbali kidogo, macho chini, kama mtoto anavyopaswa.

"Tata, nimekukosea."

Aliendelea kukata majani makavu. "Na swali langu?"

"Sina jibu lake. Na kile cha tatu nadhani nilikiandika vibaya."

Panga likatulia mkononi. "Mimi nilidhani mjinga ni mimi," akasema polepole. "Nilikwisha kuamua kwamba Kiingereza hakinitaki."

Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Mtu mwenye akili kiasi hicho alikuwa anaacha shule ili mimi nisionekane nimekosea.

Jumatatu alikaa mahali pake. Nilifuta ubao, nikaliambia darasa zima, "Wiki jana nilikosea, na Momanyi alikuwa sahihi kuuliza. Sababu siijui. Tuitafute." Tulikusanya sentensi kutoka vitabu na magazeti makuukuu, tukaona kwamba kule kukana hakuamui kitu. Kila nomino, kama "hurry" au "danger", ina mwenzake ambaye imezoea kufuatana naye, na mwenzake huyo hujifunzwa kwa kusoma sana. Sijapata kufundisha darasa lililochangamka kama lile.

Momanyi alifaulu, akaenda chuo cha ualimu, na akafundisha Suneka mpaka alipostaafu. Siku ya matokeo alipita mbele ya ukoo mzima, akanipa mkono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Asante, mwalimu." Baba alimwita mwanawe mwalimu, nyumbani, mbele ya wazee. Nimepata vyeti vingine maishani, lakini hakuna kilichonifanya nitembee kifua mbele namna ile.

Basi nakuasa, mwanangu. Kuuliza si ujinga, na kukiri hujui si kuvunjika. Usijenge heshima yako kwa kuibomoa ya mwenzako, na ukimkosea mtu mbele za watu, msafishe mbele za watu hao hao. Mungu akupe elimu, akupe na moyo mwepesi wa kuibeba. Wadogo wakuulize bila woga, wakubwa wakuite kwa jina jema, na nyumba yako isikose watu wa kukuambia ukweli.