Maini ya Kindi

Juzi nilimwona mjukuu wangu akimrushia mbwa wa jirani kipande cha nyama, nikamfokea mpaka akalia.

Kwetu Naliendele baba alikuwa na mbwa wa kuwindia kindi, jina lake Watasema. Wakati wa kipupwe, majani yakiwa yamekauka, baba alisoma bismillahi ndipo akamwachia. Kindi aliyeletwa tulimla, maana mbwa mwenyewe hakuwa ameonja.

Mimi niliona huo ni uonevu: yeye akimbie, sisi tule. Kwa hiyo kila nilipochuna kindi nyuma ya jiko nilimpa maini kwa siri, yakiwa bado ya moto. Pumzi yake ilinuka damu na vumbi la makopa ya muhogo.

Alasiri moja, porini, tulisikia mifupa ikivunjika kichakani. Watasema alikuwa anamla kindi.

“Huyu sasa anajiwindia mwenyewe,” baba alisema. “Nyama yake si halali kwetu tena. Nani kamfundisha?”

Niliinama nikajitia kung'oa mwiba mguuni.

Tulipofika nyumbani baba alimfunga kamba shingoni, akachukua jembe.

“Nampeleka Kitaya, kwa wavuvi wa mtoni. Huko atakula samaki.”

Alirudi kabla ya magharibi, kamba mkononi, jembe lina udongo mbichi. Nilimuuliza kama Watasema amepapenda.

“Amepapenda,” alisema, akaenda kunawa.

Kitaya kwa miguu ni mwendo wa siku nzima, kwenda tu. Wakati ule sikujua. Nilimfuata baba kwenye mtungi nikamwambia ahsante.