Mawese Kwenye Kufuli la Gobore

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe hapahapa Bangwe, nikiwa na miaka ishirini na miwili na nguvu za kulibeba Ziwa Tanganyika mpaka Kongo, nikarudi kunywa chai kabla haijapoa.

Mwanangu, siku zile nilikuwa na gobore. Alinitengenezea fundi mmoja mzee wa Rusimbi, uani kwake, na kibali halikuwa nacho. Nililindia mahindi yetu ya mlimani, maana nyani wa kule walikuwa wanene kama makarani wa bandari. Ubavuni lilikuwa na kijichuma cha usalama, kile unachokisukuma ili bunduki isifyatuke hata ikiguswa. Sisi tulikiita kufuli. Basi kufuli lile lilikuwa gumu kuliko hesabu za ngumbaru, na ngumbaru nimesoma, nazijua.

Fundi alikuwa ameniambia, "Likigoma, niletee mimi. Usilipake kitu, usiligonge. Umenisikia wewe mwenye haraka?"

"Nimesikia, mzee."

Nilisikia kwa masikio tu. Nilikwisha kuwatambia wenzangu kwamba bunduki ile naijua kuliko aliyeitengeneza. Ningepitaje mbele yao nimeibeba kumrudishia? Nikachovya kidole kwenye mawese ya mama, nikalipaka kufuli. Mchana ule likateleza kama samaki wa mgebuka mbichi. Nikajiita injinia.

Wewe umekulia kwenye michikichi, unajua baridi inavyoyafanya mawese. Kesho yake alfajiri nikapanda shambani, gobore limeshindiliwa tayari. Nyani hawakuja. Nilipotaka kulifunga niteremke, mawese yalikuwa yameganda pamoja na vumbi lote la mlima. Kufuli halikwenda mbele wala nyuma. Nikasukuma, nikalitukana, wapi! Nikateremka nalo hivyohivyo, wazi.

Nyumbani nikamkuta mjomba wangu, kaka yake mama, ametoka Kasulu kututembelea. Kwetu Waha, mkubwa kama yule hasalimiwi ukiwa na kitu mkononi. Unakiweka chini, unainama, unapiga makofi polepole kwa viganja viwili. Nikaliegemeza gobore ukutani, nikainama. Naye akanijibu kwa makofi yake, anacheka: "Eee, mpwa wangu, umekuwa mnara!"

Gobore likateleza ukutani.

Mlio sitakusimulia. Hospitali waliuokoa uhai wake; mkono wa kulia hawakuuokoa. Na mjomba alikuwa seremala, mwanangu. Nikikwambia nusu ya milango ya Kasulu aliitengeneza yeye, safari hii sizidishi sana.

Gobore polisi walilichukua, na mimi wakanichukua. Nilipotoka nilikwenda Kasulu kuomba radhi. Nikapiga magoti, nikapiga makofi. Akanijibu kwa kupigapiga paja lake kwa kiganja kilichobaki. Kisha akaniuliza taratibu, "Uliponisalimu, ulijua kwamba lile dude liko wazi?"

"Nilijua, mjomba."

"Sasa si ungenipigia kelele tu? 'Mjomba, ondoka hapo!' Ningekuona huna adabu, na chai isingeiva kabla sijakusamehe."

Amekufa miaka mingi sasa, na swali lake bado naamka nalo.

Haya nayaandika kwa sababu juzi nimekusikia ukiulizia dawa ya kulainisha kufuli la gobore aliloliacha marehemu babu yako. Dawa hiyo haipo, mwanangu. Mafuta siyo, nyundo siyo, na video za kwenye simu yako siyo. Usiliguse. Watoe watu wote chumbani, funga mlango, twende mimi na wewe kituoni tukawaambie waje walichukue wenyewe. Tukiulizwa maswali magumu, nitakaa kando yako.

Na jambo lolote la hatari likikushinda, sema palepale, kwa sauti, hata mbele ya mkubwa, hata katikati ya salamu. Aibu yake utaimaliza kwa siku moja. Mimi yangu ninayo mpaka leo, na huwa nacheka sana ili isionekane.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema "nimeshindwa". Akujalie uani pasipokauka wageni, na kila atakayeingia mzima kwako, atoke mzima. Amina.