Dakika Tano za Kericho

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa saa ya mfukoni, kalamu nyekundu na kiti chenye miguu mitatu mizima. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya stendi ya Kericho, mabasi yakitokeza vichwa tu, nikajiona kama nimeajiriwa mawinguni. Nilikuwa karani wa ratiba katika kampuni ya mabasi. Kazi yangu ilikuwa kupanga gari litoke lini, lifike lini na limngoje nani.

Neno kubwa ofisini wakati huo lilikuwa kuunganisha, yaani abiria ashuke gari moja apande jingine. Watu wa Mogogosiek wenye jamaa Koru walitaka basi moja la kuwafikisha huko. Meneja wa Uchukuzi hakutaka hata kusikia. Barabara ya Koru ilivunja springi kila masika, na reli si ilikuwepo? Basi la Mogogosiek liishie Kericho, la pili liwapeleke stesheni ya Kipkelion, treni ya mchana imalizie.

Inspekta wa mabasi, mzee wa Kiptere ambaye sikuwahi kumwona bila koti la mvua, alipinga.

"Bwana Meneja, mtu wetu akishuka gari, amefika. Utamtoa hapo aje?"

"Nitamtoa na honi," Meneja akajibu, kisha akanigeukia. "Karani, kutoka basi hii mpaka ile ni dakika ngapi?"

Nikatoka na saa yangu. Ilikuwa asubuhi na mapema, stendi tupu. Nilitembea kutoka basi la kwanza hadi la pili kwa dakika mbili. Kwa ukarimu wangu nikaandika tano. Ratiba ilipobandikwa ukutani pale stendi niliitazama kama mtu atazamavyo ng'ombe wake.

Wiki ya tatu, mama yangu alipanda basi la Mogogosiek. Dada yake wa pekee alikuwa taabani huko Koru, na alikuwa ametuma neno kwamba anataka kumwona. Mama alibeba kikapu chenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Aliposhuka Kericho, hatua chache mbele, akakutana na mama mkwe wa dada yangu, aliyetoka Merigi. Kwetu mkwe hapitwi. Utamshika mkono, utauliza watoto, ng'ombe, mvua, majani chai, naye atakuuliza vivyo hivyo bila haraka. Honi ikalia mara mbili. Walipofika kwenye wajukuu, basi la Kipkelion lilikuwa limeondoka.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi. Nikamwinulia kikapu.

"Mama, hukusikia honi?"

"Nilisikia. Sasa nipite mkwe kama nguzo ya stima?" Akatazama barabara. "Lakini huyu mtu aliandika dakika tano, yeye hana mama?"

"Sijui, mama. Ni watu wa ofisi."

Alifika Koru kesho yake. Dada yake alikuwa ameaga alfajiri. Niliposikia, niliona aibu ambayo haijanitoka hadi leo.

Nilimwendea Meneja nikaomba dakika ishirini.

"Ishirini za nini?"

"Za salamu."

Alicheka mpaka akavua miwani, akakataa. Basi nikaandika ishirini hivyo hivyo, na kando yake: kutia maji rejeta. Inspekta akatia sahihi bila kunitazama. Tangu hapo nilikuwa nikisimama dirishani, nikiwaona watu wakielea katika ukungu huku wameshikana mikono, dereva akiwangoja, na treni ilikuwa haiwaachi.

Siku Meneja alipostaafu alipita mezani kwangu. "Karani, na baridi hii ya Kericho, ni gari gani hunywa maji dakika ishirini?" Akanishika mkono, akaniuliza watoto, kisha ng'ombe, kisha mvua.

Sasa nami nimestaafu. Vijana huja kubishana mbele yangu: basi la moja kwa moja, kuunganisha, au reli? Huwaambia wachague wapendalo, mradi gari lingoje watu.

Mama aliishi miaka mingi baadaye. Kila mgeni alipofika alimwambia, "Kijana yangu ndiye aliondoa ile maneno ya dakika tano." Aliyeziweka ni nani, mama hakujua kamwe. Nami nilikuwa nikimmiminia mgeni chai, macho nimeyakaza kwenye kikombe.