Maziwa ya Saa Kumi na Mbili

Wanaonifahamu leo hawaamini kwamba niliwahi kuvaa sweta hapa kijijini Mchombe mwezi wa Desemba. Jua kali, mbuzi wanagombea kivuli, na mimi nimejifunika sufu na kanga mbili juu, nasikia baridi. Nilikuwa nasinzia kwenye cherehani huku mguu uko kwenye kanyagio. Nywele zilikatika, sauti ikakwaruza, uso ukavimba hadi wateja wakasema nimenawiri. Kumbe tezi ya shingoni imechoka kufanya kazi yake. Hospitalini Ifakara nilipewa kidonge kidogo kama kifungo cha shati la mtoto: nimeze asubuhi, tumbo tupu, kwa maji, nikae nusu saa au zaidi ndipo ninywe chai. Tena ni cha maisha. Baada ya miezi michache nikalivua sweta, na tangu siku hiyo nikakipenda kidonge kile kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Jirani yangu ni mama wa Kisukuma. Yeye na watu wake walihamia huku na ng'ombe wao, na ng'ombe hao asubuhi moja waliingia kwenye mpunga wangu. Tulinuniana msimu mzima. Siku aliyochoka kununa alikuja mlangoni saa kumi na mbili asubuhi na kikombe cha maziwa ya moto, akasimama mpaka nikayamaliza. Kesho yake akaja tena. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapatano yetu, hatukuitisha kikao wala kumwita mjumbe.

Mara akanikuta nimeshika kidonge na glasi ya maji.

"Dada, dawa hiyo unaimeza na maji matupu? Itakuunguza tumbo. Shushia na haya."

Ningefanyaje? Kuyakataa maziwa yake kungekuwa kurudisha ugomvi wa mpunga. Nikashushia. Nikashushia miaka minane. Kila nilipokwenda kupimwa damu, daktari alikuna kichwa na kuniongezea dawa: kidonge kimoja kikawa kimoja na nusu, mwisho vikawa viwili. Habari za maziwa sikumwambia. Hakuuliza, na mimi si mtu wa kujichongea.

Mwaka jana jirani akaenda kwao Kanda ya Ziwa kumuuguza mama yake. Maziwa yakakoma, nikarudi kwenye maji. Haikupita miezi miwili moyo ukaanza kwenda mbio nikiwa nimekaa tu. Jasho, usingizi hakuna, sketi zinanivuka. Mikono ndiyo iliniumiza zaidi. Nilikuwa nashona sare za kwaya za Pasaka, na uzi ukawa hauingii kwenye tundu la sindano. Mwenyekiti wa kwaya aliigeuzageuza kola niliyoishona kombo, akaikunja, akashukuru. Laiti angenisema! Nilipofunga mlango nililia.

Daktari wa sasa ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia, nikaitikia, akasoma majibu ya damu.

"Mama, dawa imekuzidi. Tunaipunguza. Utameza kimoja na nusu."

"Hunipunguzii kitu," nikamwambia. "Wewe hukuniona na lile sweta."

Hakukasirika. Aliniuliza kitu gani kimebadilika maishani, nami nikaanza kumsimulia sare, Pasaka, jirani aliyesafiri. Nilipofika kwenye maziwa akaweka kalamu chini.

"Ulikuwa unameza dawa na maziwa?"

"Kikombe kizima."

Alicheka mpaka akafuta macho. Akanieleza kwamba maziwa huizuia dawa hii isiingie mwilini vizuri. Sehemu ilikuwa inapita bure, ndiyo maana waliniongezea na kuniongezea. Sasa maziwa hayapo, dawa yote inaingia, na moyo wangu ndio unaopata tabu. Nirudi baada ya wiki sita kupima tena. Maziwa yasinikaribie mpaka mchana.

Nilikuwa na hofu, siwezi kuficha. Siku ya kwanza nilikata kidonge kwa wembe wangu wa kufumulia, mkono ukatetemeka, nusu ikawa unga. Nikipiga mwayo tu nasema haya, sweta limerudi. Nililitoa lile sweta sandukuni nikalitundika msumarini ili nimwone adui yangu kila siku. Likaning'inia. Wiki ya nne mkono ulikata kidonge katikati, sawasawa. Wiki ya sita damu ikawa nzuri, na binti akasema tubaki hapo hapo. Nilifurahi mno; nilinunua samaki wa kutosha familia nzima, nikafumua kola zote za kwaya na kuzishona upya bila kuombwa.

Kisha jirani akarudi. Saa kumi na mbili, hodi.

"Mwangaluka!" Ndiyo salamu yao ya asubuhi. Na kikombe kinafuka moshi.

Nilikipokea kwa mazoea. Mkono mmoja kikombe, mwingine kidonge na nusu, ukutani sweta. Nikinywa, narudi kule. Nisiponywa, nampoteza mtu ambaye mama yake amezikwa wiki tatu zilizopita. Nikamweleza yote, haraka haraka, bila kumtazama.

Akaniuliza:

"Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa nakuharibia dawa?"

"Ulikuwa unaninenepesha," nikasema. "Dawa niliiharibu mwenyewe, kwa kufunga mdomo wangu."

Hakucheka. Alichukua kikombe chake, akakifunika kwa kiganja, akaondoka. Nikameza kidonge na maji, na maji yale hayakuwa na ladha. Nikajiambia basi, imekwisha, kwa kikombe kimoja.

Mchana wa kesho yake mjukuu wake alileta kibuyu cha maziwa mgando: bibi amesema ule na ugali. Nilikula mpaka nikalegeza kanga. Lakini nilijua kibuyu kinaweza kutumwa hata kwa mtu usiyetaka kumwona.

Asubuhi iliyofuata, saa kumi na mbili, hodi. Alikuwa mlangoni, amejitanda kanga ya msiba, mikononi hana kitu.

"Mwangaluka. Umemeza?"

"Bado."

"Meza nione."

Nikameza na maji. Akavuta kigoda, akakaa, tukaanza kuisubiri ile nusu saa.