Jogoo wa Tata

Juzi, nyumbani kwa kaka yangu huko Gesima, nilikuta fimbo ya kuvulia ya marehemu Tata, baba yetu, imeshikilia pazia.

Tata alikuwa akiwaongoza watalii kuvua samaki mtoni. Chambo alikifunga mwenyewe kwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo wetu mwekundu, hadi kifanane na mdudu. Jogoo huyo hatukuruhusiwa hata kumfukuza. Kisha mkono wa kulia wa Tata ukapooza.

Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, mashamba ya chai yalinuka mvua. Tata alisimama uani akijaribu kurusha mshipi kwa mkono wa kushoto. Ulivuma hewani, kisha ukamwangukia mabegani. Nilidhani anacheza.

"Tata, mto uko kule chini," nikamwambia.

"Najua, mama," akajibu, maana nilipewa jina la mama yake. "Mkono ndio haujui."

Alirusha tena na tena. Mwishowe akaukunja mshipi polepole, akamwita kaka.

"Mchinje huyo jogoo."

Kaka alimkamata. Mimi nilifurahi, kwa kuwa kwetu jogoo hachinjwi bila mgeni. Jioni nilitafuna paja huku nikichungulia njia, nione ni nani anayekuja.